Projekti ya jukiboksi ya skuli: kabla hujanunua hata waya, soma hapa

Kila maonesho ya sayansi ya maskuli yakikaribia naanza kuletewa meseji, "dada ile jukiboksi mlitengeneza vipi, na sie tunataka", na kila nikimjibu mmoja najikuta nimeandika gazeti zima. Basi leo naandika mara moja hapa, akija mwengine namrushia linki tumalizane.

Kwa asiyejua, jukiboksi ni lile likabati la muziki la kwenye filamu za zamani za Kimarekani, unatia sarafu, unabonyeza herufi na namba, mashine yenyewe inachagua santuri na kuipiga. Ile ya mwanzo inayotajwa ni ya San Francisco mwaka 1889, mtu mmoja akiitwa Louis Glass alichukua mashine ya sauti ya Edison akaitia tundu la sarafu akaiweka kwenye baa, na haikuwa hata na spika, mtu anasikiliza kwa mpira wa masikioni. Ya kwetu ilikuwa ya kidijitali, tuliiunda tukiwa fomu three hapa Wete, Pemba, na tokea hapo nishakaa na madogo wa skuli nyengine wakiunda zao, kwa hiyo nnayosema hapa nimeyaona yakifanya kazi zaidi ya pahala pamoja.

Sasa. Suali la kwanza mnaloniuliza wote ni Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, inapatikana wapi. Hilo ni la mwisho hilo. Kaeni kwanza na karatasi na kalamu, hamna kununua kitu, mjiulize hii jukiboksi yetu itakuwa na tofauti gani na simu iliyounganishwa na spika ya bluutuuthi? Mana jaji atauliza hivyo hivyo, na akiuliza nyie mkaanza kumuonesha mataa yanavyowaka, mmekwenda na maji.

Jibu ni foleni. Jukiboksi unabonyeza nyimbo yako wakati ya mwenzio inalia, na yako inasubiri zamu. Ukibonyeza ikakata ya mwenzio huo ni ugomvi, si jukiboksi. Nyimbo zinaingia kwa mpangilio, zinatoka kwa mpangilio, hakuna mwenye simu anayeamua peke yake sote tusikilize nini, na hapo ndo penye sayansi yenyewe ya kompyuta, mengine yote ni useremala na umeme.

Na foleni ya Pemba ina shida yake ambayo Mmarekani hakuwa nayo. Angalia, santuri za zamani zile za mizunguko 78 kwa dakika upande mmoja ulichukua kama dakika tatu tu, hata Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurikodi mwaka 1928 ndo kipimo alichopewa hicho. Zikaja santuri ndogo za 45 mwaka 1949, na zenyewe ni nyimbo fupi fupi. Kwa hiyo jukiboksi ilizoea nyimbo za dakika tatu, watu kumi wakichagua, nusu saa kila mtu kasikia yake kaondoka. Sasa wewe tia taarab asilia humo. Fidla na ala ya kanuni zinaanza, mwimbaji hajafungua mdomo dakika ya pili imeshaingia, kiitikio, ubeti, ala tena, nyimbo moja dakika kumi na mbili. Watu watano wakichagua taarab umekula saa nzima, na nyuma yao wamesimama watoto wa fomu one wanataka Zenji Flava, muziki wa vijana wa Zanzibar, na maonesho yenyewe yanafungwa saa sita.

Kukata taarab katikati mie sikubali, na wazee wa wanafunzi hawatokubali. Tulichofanya sisi ni foleni mbili ndani ya moja. Herufi A na B ni nyimbo ndefu, C na D ni fupi, na programu inachukua moja ya kule na moja ya huku kwa zamu, kama upande mmoja umekauka inaendelea na ule wenye watu. Halafu sharti la pili, nyimbo iliyomo kwenye foleni haingii tena mpaka ipigwe, mana bila ya hivyo watoto wanabonyeza C1 mpaka kidole kiume. Na sharti la tatu, foleni ikifika nyimbo sita inajifunga na taa nyekundu inawaka. Mambo matatu hayo, ukimueleza jaji kwa nini uliyaweka, na ukamuonesha na dakika ulizopiga hesabu, huna haja ya kitu chengine cha kujisifia.

Haya tuje kwenye mashine. Raspberry Pi ni nzuri sikatai, lakini kwa sisi huku mara nyingi lazima umuagize mtu Dar au nje, na ikifa siku mbili kabla ya maonesho huna pa kukimbilia. Ushauri wangu mie ni laptopu kuukuu. Ile ya nyumbani kwa ami iliyovunjika kioo, au kibodi yake haifanyi kazi, au nzito mpaka watu wameisusa, hiyo hiyo. Ina sauti, ina diski, ina USB, na ina betri, na betri mtu wa Pemba anajua thamani yake. Umeme ukikatika nyimbo inaendelea kulia kwenye kompyuta hata kama amplifaya imezima, foleni haipotei, unabadilisha chanzo cha umeme cha spika unaendelea. Betri iwe inakaa hata dakika kumi tu zinatosha. Kitu kimoja usisahau, nenda kwenye setingi za umeme uiambie isilale ukifunga kifuniko, mana itakuwa imefungwa ndani ya boksi, na ukiisahau hiyo nyimbo ya kwanza tu kimya.

Ambao mshapata Pi, haya mawili matatu tu. Pi 3 na Pi 4 zina tundu la hedifoni, Pi 5 na Zero hazina, lazima utafute kadi ya sauti ya USB. Pini zake zinakula volti 3.3, ukizigusisha na volti 5 umeiua. Na usiichomoe tu ukutani, ina tabia ya kuharibu memori kadi ikizimwa kwa ghafla, iwekee kitufe cha kuzima kwa heshima. Kuna na wale wa Arduino, kile kijibodi unachokiandikia programu, na kile kijidude cha kupigia MP3, DFPlayer Mini, kinasoma memori kadi mpaka GB 32 na ni rahisi sana, lakini chenyewe hakijui foleni, foleni lazima uiandike kwenye Arduino, na utie rezista ya kilo-omu 1 kwenye waya wa RX, ule wa kupokea amri, la sivyo spika itakuwa inanguruma.

Sasa vitufe, na hapa nataka tukae kidogo mana ndo pahala watu wanapotupa pesa bure. Huhitaji kununua kifaa chochote cha kuunganisha vitufe na kompyuta. Chukua kibodi ya USB iliyostaafu, kwa fundi kompyuta utapewa bure au kwa pesa ya soda, hata ile iliyomwagikiwa chai, mradi ukiichomeka taa ya Num Lock inawaka. Toa skurubu za nyuma uifungue. Ndani utakuta plastiki nyembamba zenye mistari, na pembeni kijibodi kidogo cha umeme chenye vijimeno vyeusi vilivyopangana. Plastiki zile hatuna kazi nazo. Kijibodi ndo mali.

Kibodi inavyofanya kazi ni kwamba vijimeno vile viko makundi mawili, na kila herufi ni pale jino moja la kundi hili linapokutana na jino moja la kundi lile. Kwa hiyo fungua programu yoyote ya kuandikia, chomeka kijibodi chako, chukua kipande cha waya, ncha moja ishike kwenye jino la kwanza na ncha ya pili pita nayo jino baada ya jino. Pahala fulani itatokea herufi kwenye kioo. Andika kwenye daftari: jino la 1 na la 14, Q. Endelea. Ni kazi ya kukera lakini watoto wanaipenda kuliko zote, mmoja anagusa, mmoja anasoma kioo, mmoja anaandika, na mwisho mna ramani ya kibodi nzima ambayo mmeigundua wenyewe, hakuna aliyewapa. Daftari hilo lichukueni kwenye maonesho jinsi lilivyo na makunyanzi yake.

Kwenye kulehemu kuna jambo. Ule weusi wa vijimeno ni kaboni, risasi ya kulehemia haishiki juu yake, itateleza tu utadhani pasi yako ya kulehemu mbovu. Kwangua taratibu kwa ncha ya wembe mpaka uone shaba inang'aa, tia risasi kidogo kwenye shaba, kidogo kwenye waya, halafu vikutanishe kwa pasi mara moja na uondoe, ukikawia shaba inabanduka. Juu yake mwagia gundi ya moto isitikisike. Waya wa kutumia, tafuta kipande cha kebo ya mtandao, ndani kina nyaya nane za rangi rangi, hununui. Na mkimaliza kulehemu osheni mikono kabla hamjagusa chakula, ile risasi ni madini ya risasi kweli, ni sumu.

Vitufe vyenyewe sasa. Vile vikubwa vya rangi vya mashine za gemu ni vizuri lakini ni vya kuagiza. Sisi tulitumia vitufe vya kengele ya mlango, nenda duka lolote la vifaa vya umeme Chake au Wete vipo, vigumu, vinabonyezwa vinarudi wenyewe. Usinunue swichi ya taa, ile inabaki pale ulipoiacha na kompyuta itaona umeshikilia A mpaka kesho. Na usinunue thelathini na mbili kwa nyimbo thelathini na mbili. Herufi nne na namba nane ni vitufe kumi na viwili tu, na unapata nyimbo zile zile 32, mana kila herufi inakutana na kila namba. Hesabu hiyo hiyo ndo waliyoitumia kina Seeburg wenye majukiboksi yao ya nyimbo 100 mwaka 1948.

Programu nisiizungushe. Lugha ya Python na kifurushi chake cha pygame inatosha kabisa, inasoma vitufe, inapiga MP3, na ina njia ya kuiuliza muziki bado unalia au ushakwisha. Mafaili yaiteni A1, A2 mpaka D8, basi, programu inachukua herufi na namba iliyobonyezwa inatafuta faili la jina hilo. Ukitaka kubadilisha nyimbo unabadilisha faili, huigusi programu. Mtu akibonyeza herufi akapigwa na butwaa, baada ya sekunde tano programu isahau, mwengine aanze upya.

Mtego mmoja nauweka wazi hapa mana unawatesa wengi. Lazima muwe na kitufe cha kusimamisha, sisi twakiita kitufe cha adhana na ndo kazi yake. Skuli zetu nyingi msikiti uko hapo hapo, adhuhuri ikiingia muziki unakaa kimya papo hapo, ukisubiri nyimbo imalizike ushafedheheka mbele ya wazee. Sasa pygame toka toleo la 2.0.1, ukisimamisha muziki halafu ukaiuliza "bado unalia?" inakujibu hapana. Kwa hiyo programu yako inadhani nyimbo imekwisha, inaivuta ya pili kwenye foleni, na katikati ya adhana unasikia taarabu inaanza upya kwa sauti zote. Dawa yake ndogo tu, weka alama yako mwenyewe inayosema "tumesimama", na kabla programu haijavuta nyimbo iangalie alama hiyo kwanza. Kuna waliotaka saa za swala zijisimamishe zenyewe kwa ratiba, mie nawaambia wekeni kitufe na mtu, muadhini hasomi programu yenu.

Sauti. Njia fupi ni sabufa kuukuu yenye tundu la AUX, kila nyumba ipo moja inayokula vumbi. Lakini kama mwalimu wa fizikia anataka kuona kitu, nunueni kijiamplifaya PAM8403, kidogo sana, kinakula volti 5 za chaja ya simu na kinatoa karibu wati 3 kila upande kwenye spika za omu 4. Spika za gari zinazotoka kwenye makontena nyingi ni omu 4 hizo hizo. Kwa darasa inatosha na kusaza, uwanjani hapana. Angalizo, waya hasi wa spika ya kushoto na wa kulia usiuunganishe pamoja, kila spika na waya zake mbili mpaka kwenye amplifaya, ukiunganisha unaiua. Na ukisikia mlio mwembamba wa kukera nyuma ya muziki chomoa chaja ya laptopu, ukinyamaza basi chaja ndo mkosaji, spika zako hazina kosa, tafuta chaja nyengine au piga kwa betri wakati wa kuonesha.

Sasa nyimbo, na hapa mie ndo naona projekti inapata roho. Kila mtu anaweza kujaza flashi kwa nyimbo alizopakua. Lakini nyumba zetu hizi, chini ya makabati, ndani ya mikebe ya biskuti, kuna kaseti. Harusi za miaka hiyo, maulidi, vikundi vya taarab vya mtaani vilivyokufa, ngoma za hapa hapa Pemba, msewe, kibati, vitu ambavyo kwenye intaneti huvipati ng'o. Waombeni wazee. Mtoto wa skuli akienda na adabu akasema bibi naomba nikunakilie kaseti zako zisiharibike, hakuna anayekataa, na atakupa na chai.

Kuzihamisha si kazi ngumu ila inataka subira, mana kaseti ya dakika 60 inachukua dakika 60, hakuna njia ya mkato. Redio kaseti iwe nzima, kichwa chake kipangusie pamba yenye spirit ya hospitali kabla ya kila kaseti, utastaajabu uchafu wa kahawia utakaotoka. Kaseti yenyewe iizungushe kwanza mpaka mwisho na kurudi isije ikawa imegandana, kama ina ukungu mweupe kwenye utepe iwache kando, itachafua kichwa na zinazofuata. Toa waya kwenye tundu la hedifoni la redio uingize kwenye laptopu, ila laptopu nyingi tundu lile linataka maiki tu na sauti inaingia imepasuka, hapo kadi ndogo ya sauti ya USB inayopokea sauti ya laini (line-in) itakusaidia. Programu ni Audacity, bure. Sauti ya redio iweke kati, vile vipimo vinavyocheza visifike mwisho hata siku moja, sauti ndogo unaweza kuikuza baadae lakini iliyopasuka imepasuka. Rikodi kwanza kwa WAV, ni kama MB 10 kwa dakika, upande mmoja wa dakika 30 ni MB 300, hizo zihifadhi pahala. Halafu ndo unakata nyimbo moja moja na kuzigeuza MP3, kwa kiwango cha 128 kbps ni kama MB 1 kwa dakika, nyimbo zako zote 32 na urefu wake zinaingia kwenye flashi ndogo kuliko zote dukani.

Halafu sauti zisawazishe. Kaseti ya zamani iko chini, Zenji Flava ya juzi iko juu mpaka spika zinatetemeka, na foleni yetu si inabadilishana moja ndefu moja fupi, basi kila nyimbo ikibadilika mtu anaruka. Programu ya MP3Gain inazisoma zote na kuzileta kwenye kiwango kimoja, chake cha kawaida ni desibeli 89, mwachie hapo hapo.

Orodha ya nyimbo juu ya boksi ni jambo jengine. Sisi tuliandika majina ya nyimbo na waimbaji vizuri kwa kompyuta, tukalaminisha. Akaja bi mmoja, mama wa mwenzetu, kasimama mbele ya boksi kaisoma yote akatazama pembeni, "Wanangu, mie A3 siijui ndo nini, nipigieni ile inayoanza fidla peke yake halafu anaingia na *ewe mwenzangu*." Na kweli, watu wa makamo hawazijui nyimbo kwa jina la faili, wanazijua kwa kianzio. Toka siku hiyo mie nawaambia madogo chini ya kila jina andikeni maneno matatu manne ya mwanzo, kwa herufi kubwa, mana wanaotaka taarab ndo hao hao waliosahau miwani nyumbani.

Kuhusu haki, msilipuuze. Kunakili kaseti ya bibi kwa projekti na kuipiga siku ya maonesho ni jambo moja, kugawa mafaili kwa watu au kuyaweka mtandaoni ni jengine kabisa, na Zanzibar tuna COSOZA inayosimamia hakimiliki, mkitaka kuitumia jukiboksi kwenye shughuli za kulipisha nendeni mkaulize kwanza. Njia safi zaidi ni mrikodi wenyewe, kikundi cha ngoma cha mtaani kwenu mkiwaomba wakakubali na mkaandika majina yao kwenye orodha, hapo huna deni na mtu.

Boksi ni la seremala, muachieni seremala. Plaiwudi ya milimita 12, mabaki yanatosha, nyuma mlango wa bawaba na si misumari, mana mtafungua mara nyingi kuliko mnavyodhani. Matundu ya hewa chini na juu, laptopu kuukuu inachemka. Skurubu za shaba kama zinapatikana, hewa yetu ya bahari hii skurubu ya chuma mwakani utaitoa kwa nyundo. Urefu pimeni kwa mtoto wa standadi one, si kwa mrefu wa darasa. Mataa yale ya LED ya kupambia harusi ni mazuri, bandika, lakini yawe ya mwisho kabisa, nishaona kundi boksi linamereta kama harusi ya mjini na ndani hamna hata nyimbo moja inayolia.

Tundu la sarafu kila mtu analitaka, ndo starehe yenyewe najua. Vifaa vya kutambua sarafu vipo, vinataka volti 12 na vinatuma pigo la umeme kila sarafu ikipita. Lakini kwa mara ya kwanza uacheni. Vinataka kufundishwa kila sarafu na vinakwama, na pesa ikishaingia kwenye projekti ya skuli maalim mkuu atataka hesabu.

Siku ya maonesho, msisimame nyie mkabonyeza. Mpeni jaji abonyeze mwenyewe, moja ndefu na moja fupi, halafu mwenzake abonyeze ile ile aone inavyokataliwa, wajaze foleni mpaka taa nyekundu iwake. Mlango wa nyuma uwe wazi waya zionekane. Na mmoja wenu awe na kazi moja tu, kukaa karibu na kitufe cha adhana.

Ramani ya vijimeno na rangi za waya nakilini mbili, moja bandikeni ndani ya mlango, moja awe nayo maalim, mana mwakani watakaoirithi watakuwa wengine na hawatawajua nyie wala daftari lenu. Mkikwama niandikieni, ila mniletee picha ya waya, sio picha ya boksi lilivyopakwa rangi.